Stoki moja, maduka matano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wanaouza sehemu nyingi mtandaoni

Haya maswali yanarudi karibu kila wiki kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Yanaanzia mepesi yanaenda hadi yale ya kuumiza kichwa. Nikikwambia angalia swali la 9 nenda kaangalie, sitarudia maelezo.

## Mambo ya mwanzo

1. Kusinki stoki ni nini hasa? Nieleze kama mtu asiyejua kitu

Una chaja 10 stoo. Umezipandisha kwenye duka lako la Shopify, ukazipandisha Amazon, ukazipandisha na eBay. Kila sehemu inasoma 10, ukijumlisha unapata 30, ila stoo kuna chaja 10 zilezile. Kusinki ni kuhakikisha kwamba moja ikiuzwa popote pale, sehemu nyingine zote nazo zinashuka kuwa 9, na zinashuka kabla mtu mwingine hajainunua hiyohiyo uliyokwisha iuza. Ndo hivyo tu. Yote yaliyobaki humu ni kueleza kwanini kajambo kadogo hivi kanawatoa watu jasho.

2. Si naweza kubadilisha kwa mkono tu?

Unaweza, na kama unapata oda 3 kwa siku sehemu mbili sikushauri ukalipie programu yoyote. Ila watu wanakosea wanadhani kinachoshinda mkono ni wingi wa oda, kumbe ni usingizi. Oda inaingia saa 8 usiku, wewe umelala, namba kule kwingine bado inasema ipo. Mimi nilikoma siku nilipoamka nikakuta spika moja ina wenyewe watatu na wote wameshalipa, asubuhi nzima nikashinda naandika samahani.

Kama bidhaa zako nyingi unakuwa nazo 1 au 2 tu (mitumba, vitu vya kutengeneza kwa mkono, vitu vya kale) basi hata oda 3 kwa siku ni hatari, wewe unahitaji kusinki mapema kuliko mtu mwenye katoni 50 za kitu kimoja.

3. Kwanini nisigawe tu, Amazon 4, eBay 3, dukani kwangu 3, nisahau habari za kusinki?

Njia hii inafanya kazi na haiuzi hewa (yani kuuza kisichopo) kabisa. Ubaya wake ni kwamba sehemu moja itaisha inasema hakuna huku nyingine zimekaa na mzigo wiki 2 haujaguswa, yani unawafukuza wateja na mzigo unao. Kwa bidhaa zinazotoka taratibu au zenye faida ndogo gawa tu, usijisumbue. Kwa zinazokimbia, weka stoki ya pamoja na utenge akiba kidogo (swali la 10).

4. Nikiuza kisichopo si narudisha hela tu yanaisha?

Hela inaisha, rekodi haiishi. Amazon wanataka oda unazozifuta wewe muuzaji kabla ya kutuma zisifike 2.5%, na oda zenye kasoro (zilizoleta malalamiko) zisifike 1%, ukizidi akaunti inaweza kufungwa. eBay ukifuta oda kwa sababu mzigo umeisha inahesabiwa kama kasoro yako, na kasoro zikizidi unaweza kushuka kwenye matokeo ya utafutaji. Angalia hesabu ilivyo kali: ukiwa na oda 100, kufuta 3 tu umeshavuka ile 2.5%. Kwa hiyo muuzaji mdogo ndo anaumia haraka kuliko mkubwa, kwa sababu yeye oda zake chache kila kosa linaonekana.

## Panga nyumba kabla hujaunganisha kitu

5. SKU ni nini, na inatofautianaje na ile namba ya bakodi?

Bakodi ni namba ya kiwandani, iko sawa duniani kote kwa bidhaa hiyo, aina ya EAN ina tarakimu 13 na aina ya UPC ina tarakimu 12. SKU ni namba yako wewe, unaitunga mwenyewe, na ndo gundi ya mambo yote haya. Programu ya kusinki haijui kwamba "Tisheti nyeusi ya kiume" ya dukani kwako na "Tisheti Black Cotton L" ya kule kwingine ni kitu kimoja, inaangalia SKU tu. Zikitofautiana hata kwa kistari au nafasi tupu mwishoni, kwake hivyo ni vitu viwili na havitasinki milele.

Ushauri: tunga fupi, inayosomeka, isiyoanza na sifuri (sababu iko swali la 7), mfano TSH-NYS-L. Afu ukishaitunga usiibadilishe hata ukiichukia. Na usije ukatumia SKU ya bidhaa iliyokufa kwa bidhaa mpya, ripoti zako za zamani zitakuwa uji.

6. Bidhaa yenye saizi na rangi nyingi nahesabu vipi?

Kila saizi na kila rangi ni SKU yake na stoki yake. Tisheti ya rangi 3 na saizi 4 ni SKU 12, hakuna njia ya mkato. Mtu anayeandika "tisheti, zipo 40" atauza L ambayo iliisha juzi.

7. Nimefungua faili la bidhaa kwenye Excel, nikalipandisha, sasa namba zote zimeharibika. Nini kimetokea?

Pole, umeingia mtego ambao karibu kila mtu ameuingia. Ukifungua faili la CSV (orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) kwa kulibonyeza tu, Excel anaona namba ndefu anadhani ni hesabu, bakodi inageuka kuwa kitu kama 5.90123E+12, na sifuri za mwanzo anazila. Ukisevu vilevile kama CSV anasevu alichokuonyesha, sio kilichokuwepo, kwa hiyo namba halisi imepotea, hairudi.

Dawa: usibonyeze faili, fungua Excel tupu kwanza afu ingiza data na uiambie safu ya SKU na ya bakodi ni maandishi. Na kabla ya kupandisha chochote tunza nakala ya faili la asili. Kama umeshaharibu, chukua ile nakala. Kama huna nakala, shusha tena kutoka duka ambalo halijaguswa.

8. Kati ya maduka yangu yote lipi liwe "mkubwa"?

Hili ndo swali muhimu kuliko yote humu na watu wanaliruka. Lazima kuwe na sehemu MOJA ambayo namba yake ndo ukweli, na wengine wote ni nakala. Inaweza kuwa duka lako la Shopify au WooCommerce, inaweza kuwa programu maalum ya stoki, inaweza hata kuwa shiti ya Excel kama uko mwanzo. Usichague soko la mtu, yani Amazon, eBay na wenzao, maana hilo linaweza kukufungia akaunti siku yoyote na ukweli wako ukafungwa nao.

Ukishachagua, sheria ni hii: namba ya stoki inaguswa hapo peke yake. Ukiingia eBay ukarekebisha 5 kuwa 8 kwa sababu umeona imekosewa, baada ya dakika kadhaa mkubwa atairudisha 5 na utadhani programu ni mbovu. Programu iko sawa, wewe umeongea na nakala.

## Mashine inavyofanya kazi

9. Wananiambia inasinki "papo hapo", mbona bado nauza hewa?

Kwa sababu papo hapo haipo. Kuna njia mbili: programu inapiga hodi kila baada ya dakika kadhaa kuuliza "kuna oda mpya?", au duka lenyewe linatuma taarifa oda ikiingia tu (hizo wanaziita webhuku). Ya pili ni ya haraka zaidi ila nayo taarifa inaweza kuchelewa, ikapotea njiani, au ikafika mara mbili. Programu nzuri inatumia zote, inapokea taarifa na bado inazunguka kukagua kama kuna iliyoikosa. Afu upande wa pili, masoko mengi yana kikomo cha mara ngapi unaruhusiwa kutuma mabadiliko kwa muda fulani, ukiwa na bidhaa 5,000 na ukabadilisha zote kwa mpigo zitapanga foleni.

Swali la kumuuliza anayekuuzia programu ni "siku ya msongamano inachelewa dakika ngapi". Hilo la kusinki papo hapo usimuulize, atasema ndio. Jibu la dakika utalihitaji swali linalofuata.

10. Akiba ya tahadhari niweke ngapi?

Watu wanabuni 2 au 5 kwa kila kitu. Usibuni, piga hesabu: kasi ya mauzo siku ya shughuli zidisha na muda wa kuchelewa. Tuseme bidhaa inatoka 12 kwa saa sehemu zote ukijumlisha na programu yako inachelewa dakika 15. Ndani ya dakika 15 zinatoka 3 bila wenzao kujua. Kwa hiyo tenga 3, maduka yaonyeshwe stoki halisi toa 3. Bidhaa inayotoka 1 kwa siku hesabu hiyohiyo inakupa karibu na sifuri, basi usiitenge, utaficha mzigo bure.

Mimi napenda kitu kingine juu ya hiyo: zikibaki zile za mwisho, sehemu zote zisome 0 isipokuwa duka langu mwenyewe, zimalizikie hapo. Dukani kwangu nikikosea nampigia mteja tunaelewana, sokoni kwa watu nikikosea napigwa alama.

11. Programu itume "zimebaki 7" au itume "punguza 1"?

Swali la mafundi ila hata usiye fundi linakuhusu, hapa ndo namba zinapotea kimyakimya. Tuseme zipo 10. Oda mbili zinaingia sekunde moja, moja eBay moja dukani. Mtambo wa kijinga unasoma 10, unatoa moja, unaandika 9. Na ule mwingine ulishasoma 10 vilevile, unatoa moja, unaandika 9. Zimeuzwa 2, imepungua 1, na hakuna kosa lililoonekana popote.

Kanuni inayokaa: mauzo yanapopanda kwenda kwa mkubwa yaende kama "punguza 1, oda namba fulani", na namba inaposhuka kutoka kwa mkubwa kwenda madukani ishuke kamili, "zimebaki 8". Kwanini ile namba ya oda? Kwa sababu taarifa ikija mara mbili (swali la 9) mkubwa aseme hii nshaipunguza, apite. Na kwanini kushuka iwe kamili? Kwa sababu duka likikosa ujumbe mmoja, ujumbe unaofuata unalinyoosha lenyewe. Ukituma "punguza" kwenda chini, ukipotea mmoja umepotea milele.

12. Oda ambayo haijalipwa inashika stoki au haishiki?

Inategemea duka na inabidi ukaangalie mwenyewe kwenye mipangilio. WooCommerce kwa kawaida inashikilia dakika 60 oda ikiwa inasubiri malipo, muda ukipita inaifuta na stoki inarudi. Ila kumbuka njia za malipo ya taratibu kama kuhamisha benki, hizo zinaweza kukaa siku kadhaa. Kuweka kitu kwenye kikapu peke yake kwa kawaida hakushiki chochote, kwa hiyo mteja anayelalamika "nilikuwa nayo kikapuni" hakuonewa.

Tofautisha namba tatu kichwani: iliyopo stoo, iliyoshikwa na oda ambazo hazijatoka, na inayouzika. Ya tatu ni ya kwanza toa ya pili. Madukani inaenda ya tatu, siku zote.

## Kesi zenye kona

13. Nauza seti: kava, kioo na chaja pamoja, lakini pia nauza kimojakimoja

Seti isiwe na stoki yake. Stoki ya seti ni kile kipande kinachoisha mapema. Una kava 20, vioo 9, chaja 14, seti zako ni 9. Kama seti inakula vioo 2, basi ni 4 (9 gawa kwa 2, ile nusu tupa). Ikiuzwa seti vipande vyote vitatu vipungue, na kikiuzwa kioo kimoja pembeni seti nayo ihesabiwe upya. Programu isiyojua hili usinunue kama unauza seti, hata wakikupa bure.

14. Mzigo uliorudishwa na mteja naurudisha lini kwenye hesabu?

Ukiwa mkononi mwako, umeufungua, umeukagua. Kabla ya hapo hapana. Kuna mitambo inarudisha stoki pale tu unapobonyeza kurudisha hela, izime hiyo, maana hela inaweza kurudi leo na boksi likafika wiki ijayo, au likafika na kitu kingine ndani (hutokea). Kilichofunguliwa lakini kizima kipe SKU yake tofauti, usikichanganye na kipya.

15. Mzigo wangu mwingine uko ghala la Amazon, nauhesabu pamoja?

Hapana, ni eneo lingine. Mzigo ule Amazon wenyewe wanauhesabu na wanauza, wewe unasoma tu. Ukiujumlisha na wa stoo kwako utauza eBay kitu ambacho huwezi kukifunga leo. Inawezekana kuwaagiza wao wakutumie oda za nje ya Amazon, huduma ipo, hapo ndo unaruhusu maduka mengine yauone mzigo huo. Bila hiyo uache kwenye chumba chake.

16. Nauza pia WhatsApp na Instagram kwa meseji, hapo nasinki vipi?

Hapo msinkishaji ni wewe. Hakuna programu itakayosoma "nitunzie moja nakuja kesho" ikapunguza stoki. Kinachofanya kazi ni nidhamu moja tu: kabla hujajibu "sawa dada nimekuwekea", fungua duka lako mkubwa utengeneze oda ya mkono, hata kama hajalipa, na uipe mwisho wake, saa 24 kwa mfano. Mwambie kabisa na huo muda. Ukisema "nitaandika baadaye" hutaandika. Wenye wasaidizi wawili watatu wanaojibu meseji ndo balaa zaidi, kila mmoja ana ahadi zake kichwani.

17. Mzigo uko njiani, niuweke uanze kuuzwa?

Uza kama oda ya kusubiri, SKU tofauti au tangazo lenye tarehe wazi, sio kuongeza kwenye stoki ya kawaida. Na kuna kitufe kwenye maduka mengi kinachoruhusu kuendelea kuuza hata stoki ikifika 0, hakikisha kimezimwa kwa bidhaa ambazo hukukusudia. Nusu ya watu wanaoniambia "programu haisinki" shida yao iko hapo, programu imetuma 0 vizuri kabisa, duka likaendelea kuuza kwa sababu limeruhusiwa.

18. Stoki ikifika 0 nifute tangazo?

Usifute. Ukifuta unaweza kupoteza maoni ya wateja na nafasi yako kwenye utafutaji. Acha isome 0. eBay kuna mpangilio wa kuficha tangazo lililoisha bila kulifunga, uwashe mara moja uusahau.

19. Stoki inasoma -3, inawezekanaje?

Umeuza 3 zaidi ya zilizopo, au kuna mzigo ulipokelewa stoo na haukuandikwa. Usiandike 0 haraka ili macho yapumzike. Ile -3 ni ushahidi, fuata oda 3 za mwisho kwanza ujue ni ipi kati ya hizo mbili. Ukiifuta kabla, wiki ijayo itarudi na hutajua ilikotoka.

## Mambo yakiharibika

20. Namba hazilingani popote, nianzie wapi?

Kwa utaratibu huu. Simamisha kusinki kwanza, usihesabu huku mashine inaandika. Toa au tenga oda zote zilizolipwa ambazo hazijaondoka. Hesabu kwa mikono kilichobaki rafuni, andika hiyo kwa mkubwa, washa kusinki, na uruhusu namba zishuke. Fanya usiku au muda ambao oda ni chache. Kama una bidhaa nyingi usihesabu zote, anza na zile chache zinazokuingizia hela nyingi.

Afu tafuta chanzo, na mtuhumiwa wa kwanza ni programu mbili. Watu wanajaribu programu mpya bila kung'oa ya zamani, zote zinaandika kwenye duka lilelile, moja inasema 6 nyingine inasema 9, namba inaruka kila baada ya dakika chache kama taa mbovu. Nenda kwenye mipangilio ya kila duka uone ni nani ana ruhusa ya kuandika stoki, ng'oa wote abaki mmoja.

21. Nimeshauza ambacho sina, mteja kalipa. Nafanyaje?

Muandikie kabla hajauliza, ndani ya saa chache. Mpe chaguo: subiri hadi tarehe fulani (uwe na uhakika nayo), kinachofanana, au hela yake yote. Usimdanganye kwamba mzigo umetumwa, namba ya ufuatiliaji isiyotembea inakuja kuwa kesi kubwa kuliko kufuta oda. Wakati mwingine kununua hiyo bidhaa kwa mshindani wako kwa bei ya rejareja na kumtumia mteja ni nafuu kuliko alama ya kasoro, nimefanya mara mbili, inauma ila inafanya kazi, ila soma sheria za soko lako kwanza maana mengine hayataki mzigo ufike na boksi au risiti ya muuzaji mwingine.

22. Nihesabu mzigo mara ngapi hata kama kila kitu kinasinki?

Kidogokidogo kila wiki ni bora kuliko kufunga kila kitu mara moja kwa mwaka. Zinazokimbia kila wiki, za kati kila mwezi, zinazolala kila miezi 3. Kusinki kunasambaza namba, hakujui kama panya wamekula boksi au msaidizi alituma nyeusi badala ya bluu. Ukiingiza namba ya uongo kwa mkubwa, itasambaa ya uongo sehemu zote kwa kasi nzuri sana.

23. Naongeza duka jipya la sita, naliunganishaje bila kuharibu matano?

Kabla ya kuliunganisha, bidhaa zote kule ziwe 0 na SKU zimekaguliwa. Unganisha kwa njia moja tu, mkubwa kwenda kwake, na hakikisha ile alama ya "leta stoki kutoka duka hili" haijawashwa, maana ikiwashwa zile 0 zitapanda kwa mkubwa na kushuka kwa wote, maduka yako yote yanaandika hakuna. Jaribu na SKU moja, nunua mwenyewe, tazama namba ikishuka kila sehemu, ghairi oda, tazama ikirudi. Ikirudi, ongeza nyingine 10. Ijumaa jioni usifanye.